Maana na Matumizi ya Neno la Kihispania 'Acosador', na Haja ya Istilahi Yake katika Kiswahili: Mifano kutoka Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza maana na matumizi ya neno la Kihispania 'acosador', ambalo humtaja mtu amwandamaye mwenziwe bila ya ridhaa yake, siku baada ya siku, hata akamnyima raha ya kuishi. Pili, kuonyesha kwamba Kiswahili, japokuwa kina vitenzi vingi vya kuelezea tendo hilo, bado hakina jina lililokubaliwa la mtendaji wake, na kwamba upungufu huo una madhara kwa wale wanaolazimika kulitaja jambo hilo mbele ya polisi na mahakama.

Mifano ya Kiswahili nitakayoitumia nimeisikia katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako ninafundisha. Zamani sehemu hizi zilikuwa wilaya moja, wilaya ya Nyanza Kusini. Wakazi wake walio wengi husema Dholuo. Kikuria husemwa upande wa Kehancha na Isebania, mpakani mwa Tanzania, na Kisuba kimebaki hasa katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na sehemu za jirani. Kiswahili huku ni lugha ya shule, ya soko, ya mpakani na ya ofisi za serikali. Si lugha ya mama ya watu wengi. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kuchunguza jinsi mtu anavyolieleza jambo zito kwa lugha ambayo si ile aliyoizoea nyumbani.

Huenda msomaji akauliza Kihispania kimeingiaje hapa. Nilikutana na neno hili nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili. Mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa Peru, alikuwa akisimulia habari za mwanamume aliyemngoja kila jioni kwenye mlango wa maktaba. Alimwita 'un acosador'. Baada ya kunieleza maana yake aliniuliza, 'Na kwa Kiswahili mnamwitaje?' Nilimtajia vitenzi vinne au vitano. Alivisikiliza kwa subira, kisha akasema kwamba yeye hakuuliza mtu huyo hufanya nini, bali aliuliza yeye ni nani. Sikuweza kumjibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo.

2. Asili na maana ya neno

Neno 'acosador' limejengwa kwa kitenzi 'acosar' na kiambishi tamati '-dor'. Kiambishi hiki huunda jina la mtendaji kutokana na kitenzi, na bila shaka msomaji amekwisha kukutana nacho katika neno 'matador', yaani muuaji, litokanalo na 'matar', kuua. Mtendaji akiwa mwanamke, neno huwa 'acosadora'. Tendo lenyewe huitwa 'acoso'.

Kwa kuwa Kihispania kiliazima maneno mengi kutoka Kiarabu kama kilivyofanya Kiswahili, mtu aweza kudhani kwamba 'a' ya mwanzo ni mabaki ya kibainishi cha Kiarabu. Ni kweli kwamba 'azúcar' ya Kihispania na sukari yetu ni ndugu, na kwamba 'hasta' yao na 'hata' yetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu. Lakini 'acosar' si wa ukoo huo. Asili yake ni neno la Kihispania cha kale, 'cosso', lililokuwa na maana ya mbio, nalo limetokana na 'cursus' ya Kilatini. Kwa hiyo maana ya msingi ya 'acosar' ni kumkimbiza mnyama mpaka aishiwe na nguvu. Hadi leo wafugaji wa ng'ombe wa michezo katika Hispania ya kusini hutumia usemi 'acoso y derribo' kwa kazi ya wapanda farasi wanaomfukuza ndama uwanjani na kumwangusha kwa mti mrefu, ili wapime ukali wake. Usemi huo umeingia pia katika lugha ya siasa, kwa maana ya kumwandama mpinzani mpaka aanguke.

Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Kihispania huitoa maana ya kwanza ya kitenzi hiki kuwa ni kumfuatia mnyama au mtu bila ya kumpa nafuu wala mapumziko. Ningependa msomaji azingatie sehemu ya pili ya maelezo hayo. Uzito wa neno hauko katika miguu ya mfuataji peke yake; uko pia katika pumzi ya mfuatwaji. Anayeitwa 'acosador' ni mtu aliyemwondolea mwingine mapumziko.

Neno hili lina majirani wawili. Wa kwanza ni 'acechador', kutokana na 'acechar', kuvizia au kuchungulia kwa siri. Kitenzi hicho kimetokana na 'assectari' ya Kilatini, kufuata daima, lakini katika Kihispania cha leo maana ya kujificha na kungoja imeishinda ile ya kufuata. Wa pili ni 'hostigador', kutokana na 'hostigar', ambacho asili yake ni kupiga kwa fimbo. Tukiyalinganisha majina haya matatu, tutaona kwamba la kwanza hutazama mbio zisizokwisha, la pili hutazama maficho, na la tatu hutazama mapigo.

3. Matumizi ya neno katika Kihispania cha leo

Katika matumizi ya kawaida, 'acoso' ni neno pana. Kuna 'acoso escolar', yaani uonevu wa wanafunzi shuleni. Kuna 'acoso laboral', bughudha za kazini. Kuna 'acoso sexual', na kuna 'acoso callejero', yaani bughudha ambazo wanawake hufanyiwa njiani. Peru ilitunga sheria ya kuzuia bughudha za kingono mahali pa hadhara mwaka 2015. Kutokana na upana huu, mtu akisema 'acosador' bila ya kuongeza neno, msikilizaji hutegemea muktadha ajue ni wa aina gani. Vijana wengi wamejiundia kitenzi 'stalkear' kutokana na Kiingereza, na mara nyingi hukitumia kwa mzaha kumtaja mtu anayechungulia habari za mwenziwe katika mitandao.

Sheria hairidhiki na upana wa namna hiyo, na hapo ndipo neno lilipopata mipaka. Hispania iliongeza kifungu cha 172 ter katika Kanuni yake ya Adhabu mwaka 2015. Kifungu hicho humwadhibu mtu amwandamaye mwingine kwa kung'ang'ania na kwa kurudia, kwa matendo ya namna nne: kumchunga, kumfuata au kutafuta kuwa karibu naye, kuwasiliana naye au kujaribu kufanya hivyo, hata kwa kutumia watu wengine, kutumia vibaya habari zake za binafsi, na kushambulia uhuru wake au mali yake, au vya mtu aliye karibu naye. Mwanzoni kifungu kilidai kwamba maisha ya kila siku ya mtendwa yawe yamevurugwa vibaya. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza dai hilo, ikatosha kwamba mwenendo wa kawaida wa maisha yake umevurugwa. Adhabu yake ya msingi ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, au faini.

Si nchi zote zisemazo Kihispania zilizochagua neno hilohilo. Puerto Rico ilipotunga sheria yake mwaka 1999 ilichagua 'acecho', neno la maficho. Wasemao Kireno nao, Ureno mwaka 2015 na Brazili mwaka 2021, walichagua 'perseguição', neno la kufuatia. Kiingereza kilikwisha kuchukua neno la wawindaji, 'stalk', kumnyatia mnyama polepole, na Jimbo la California lilitunga sheria ya kwanza ya Marekani juu ya kosa hilo mwaka 1990, baada ya mwigizaji mmoja kuuawa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimwandama. Kwa hiyo kila lugha ililazimika kuamua ni upande gani wa tendo utakaobeba jina: siri, mbio, au kukosa mapumziko. Kiswahili hakijafanya uamuzi huo.

4. Vitenzi vya Kiswahili

Sasa tuvitazame vitenzi ambavyo msemaji wa Kiswahili huvikimbilia.

(a) Kufuata. Hiki ndicho kitumikacho zaidi, nacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Mtu hufuata njia, hufuata sheria, humfuata Mungu, na humfuata mama yake sokoni kwa maana ya kwenda kumchukua. Jina la mtendaji, mfuasi, ni la heshima. Hakuna katika kitenzi hiki dalili yoyote ya kutotakiwa.

(b) Kufuatafuata. Uradidi wa kitenzi hudhaniwa kuwa huongeza nguvu, na mara nyingine ndivyo ulivyo. Lakini uradidi katika Kiswahili hupunguza vilevile. Kuchezacheza si kucheza sana. Ni kucheza bila ya shabaha. Kusemasema ni kusema ovyo, na kuzungukazunguka ni kuzunguka bila ya kazi. Kwa hiyo 'ananifuatafuata' huweza kueleweka kuwa jamaa hana la kufanya. Jambo la kutisha likageuka jambo la kuchosha.

(c) Kunyemelea na kunyatia. Hivi ni vitenzi vya mwindaji na vya paka, na kwa kawaida kamusi zetu za lugha mbili huvitumia kufasiria neno la Kiingereza. Vina siri na vina nia mbaya, lakini vyaishia pale mnyemeleaji anapofika. Aidha, mtu anayengojwa mchana kweupe penye watu hanyemelewi. Ugumu mwingine ni kwamba waganga wamekwisha kuitwaa sura ya 'nyemelezi'. Hapana mtu mzima wa Homa Bay au Migori, sehemu zilizoathiriwa sana na UKIMWI, asiyepata kusikia habari za magonjwa nyemelezi. Ukimwita mtu mnyemelezi, utaleta hospitali mahali pasipo pake.

(d) Kuvizia. Hiki kinakaribiana sana na 'acechar'. Hutaja mtu aliyejificha ili atokeze ghafula. Kinafaa kwa tendo moja, lakini hakibebi wazo la siku nyingi.

(e) Kuwinda na kusaka. Vitenzi hivi vina mbio, lakini mwindaji ni mtu wa sifa katika jamii, na polisi pia humsaka mhalifu. Vinamtukuza mtendaji.

(f) Kuandama. Kitenzi hiki nacho kina maana ya kufuata, lakini chatofautiana na kufuata katika jambo moja kubwa. Kikiwa katika kauli ya kutendwa, huja na wazo la kutoachwa. Husemwa kwamba fulani anaandamwa na madeni, anaandamwa na maradhi, anaandamwa na mikosi. Katika mifano yote hiyo mwandamwa hakutaka, hakuchagua, na hapati nafuu. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo tuliloliona katika kamusi ya Kihispania, nalo limo katika Kiswahili bila ya kutafsiriwa kutoka popote.

5. Lugha ilivyo katika Migori na Homa Bay

Dholuo kina vitenzi viwili vinavyofanana kwa sauti: 'luwo', kufuata, na 'lawo', kukimbiza. 'Oluwa' ni amenifuata. 'Olawa' ni amenikimbiza. Kwa bahati tu, 'lawo' ina wazo lilelile la mbio lililo katika 'acosar'. Lakini kijana anayewatongoza wasichana naye husemwa kwamba yuko katika 'lawo nyiri', na hapo neno hupoteza ukali, kwani kumkimbilia msichana huhesabiwa kuwa ujana. Ili kuonyesha kwamba jambo halikomi, Dholuo hutumia kitenzi 'siko', kudumu. Msichana husema 'osiko koluwa', yaani anadumu katika kunifuata. Maana yote ya kosa imo katika 'siko'.

Tatizo huanza msemaji huyo anapohamia Kiswahili. Hana neno la kutia mahali pa 'siko'. Basi hutumia 'tu'. Husema, 'Ananifuata tu.' Katika Kiswahili cha mazungumzo, matumizi haya si makosa. Twasema 'mvua inanyesha tu', tukiwa na maana kwamba haikomi. Lakini katika maandishi 'tu' hupunguza: 'nina shilingi kumi tu'. Karani aisikiapo sentensi hiyo, na hasa aiandikapo kwa Kiingereza, huelewa kwamba mtu huyo humfuata, na kwamba hakuna zaidi ya hilo.

Nalisema hili kwa sababu nililishuhudia. Nilimsindikiza mwanafunzi wangu katika kituo kimoja cha polisi, ambacho sitakitaja. Mazungumzo yalikuwa hivi:

'Afande, kuna mtu ananifuata tu.'

'Anakufuata akufanye nini, binti?'

'Hajanifanya kitu. Ananifuata tu.'

'Mnajuana?'

'Tulijuana zamani, nikamkataa.'

'Basi akikufanya kitu, rudi hapa tuandike.'

Afande yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na alimpa mwanafunzi kiti. Lakini kila aliposema 'tu', mwanafunzi aliongeza uzito wa malalamiko yake, na afande aliupunguza. Nilipojaribu kuingilia kati niligundua kwamba nami mwalimu wa Kiswahili nilikuwa nikizunguka na vitenzi vilevile vya kule maktaba. Hakuna kilichoandikwa katika kitabu cha matukio. Mwanafunzi alihama chumba alichopanga, akaacha masomo ya jioni, na mwaka uliofuata akaiacha kozi.

Lugha ya mitaani ina majina mawili ambayo huweza kutumiwa mahali hapa, lakini yote mawili hulipotosha jambo. La kwanza ni 'jajuok'. Katika imani ya Waluo, jajuok ni mtu akimbiaye usiku uchi, akizunguka nyumba za watu, akitikisa milango na kurusha mawe juu ya mapaa. Mwanamume azungukaye nyumba ya mwanamke usiku huitwa jina hilo kwa urahisi. Papo hapo jambo hutoka katika sheria likaingia katika uchawi. Wazee huitwa, familia ya mtuhumiwa huona aibu, na swali la kama alimtaka mwanamke huyo kwa nguvu haliulizwi tena. La pili ni 'fisi', jina ambalo vijana wa Kenya humpa mwanamume mwenye tamaa ya wanawake. Lakini fisi wa mitaani ni mtu wa kuchekwa, na wapo wanaojisifu kwa jina hilo. Jina la kwanza humwogofya kila mtu, la pili halimwogofyi yeyote.

Isidhaniwe kwamba watu wa sehemu hizi hawawezi kuzua jina lifaalo. Kwenye fuo za Ziwa Viktoria yapo mazoea ya mvuvi kumuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Mazoea hayo yalipata jina, 'jaboya', kwa kiambishi 'ja-' cha mtendaji katika Dholuo. Baada ya jina kuenea, wauguzi waliweza kuliuliza jambo lenyewe, watafiti wakaliandika, na wanawake wenyewe wakajipanga kulipinga. Jina peke yake halikuyakomesha mazoea hayo, lakini bila ya jina yasingeweza kujadiliwa hata kidogo.

6. Sheria na lugha ya mahakama

Mtu aweza kusema kwamba suala hili ni la wanasheria, si la wanaisimu. Sikubaliani naye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani imelitaja tendo hili, kwa jina la Kiingereza 'stalking', kuwa namna mojawapo ya ukatili, na humwezesha mlalamikaji kuomba amri ya kinga mahakamani. Sheria hiyo huwahusu watu wenye uhusiano wa nyumbani au wa karibu, kama vile mke na mume, waliotalikiana, wachumba na jamaa. Sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta iliongeza kosa la bughudha za mtandaoni, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kabla ya hizo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilikuwa imemlenga mwenye mamlaka au cheo cha umma anayeng'ang'ania kumtaka mtu aliye chini yake.

Sheria zote hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Jinai, lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hivyo basi, mwanamke wa Rongo au wa Mbita aombaye amri ya kinga huenda akatoa ushahidi wake kwa Kiswahili, au kwa Dholuo kwa kupitia mkalimani, mbele ya hakimu anayesoma sheria kwa Kiingereza. Katika njia hiyo ndefu kuna mahali pamoja ambapo hakuna neno. Mkalimani hulazimika kuchagua, na akichagua 'kufuata', amemwambia hakimu habari za mtu anayetembea nyuma ya mwingine.

7. Mapendekezo

Napendekeza istilahi zifuatazo, zote kutokana na shina moja:

kuandama – kitenzi cha kosa, daima kikiwa na kiambishi cha yambwa: kumwandama mtu;
uandamaji – kosa lenyewe;
mwandamaji, waandamaji – mtendaji;
mwandamwa, waandamwa – mtendwa, kwa mfano wa mfiwa na mshtakiwa;
uandamaji wa mtandaoni – kosa hilo likitendwa kwa njia ya simu na kompyuta.

Neno 'kuvizia' libaki kwa tendo moja la kungoja kwa siri, na 'bughudha' libaki kwa maana pana iliyobebwa na 'acoso' ya shuleni, kazini na njiani. Kwa mgawanyo huu tutakuwa tumeukwepa utata ambao Kihispania kimejitia kwa kulitumia neno moja mahali pengi.

Nimechagua kiambishi tamati '-ji' kwa makusudi. Katika majina kama mwimbaji, mfugaji na msemaji, '-ji' huonyesha mazoea, si tendo la mara moja. Aimbaye siku moja harusini hawi mwimbaji kwa hilo. Vivyo hivyo, mtu aliyemfuata mwenziwe mara moja si mwandamaji. Sharti la kurudia, ambalo sheria ya Hispania imelieleza kwa maneno kadhaa, kwetu limo ndani ya silabi moja.

Naona pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba shina hili limekwisha kutumika. Ni kweli: mwandamizi ni mtu wa cheo cha juu, na wengi wetu tunaosoma jarida hili tunakitafuta, au tumekwisha kukipata, cheo cha mhadhiri mwandamizi. Kwa sababu hiyo sikupendekeza 'mwandamizi'. Hata hivyo, si vibaya kukumbuka kwamba majina haya mawili yanaweza kumwangukia mtu mmoja, na kwamba vyuo vyetu havijasalimika na jambo hili.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwandamaji na mwandamanaji hutofautiana kwa silabi moja tu, na huyu wa pili ni mtu anayekwenda na wenziwe barabarani kutoa madai. Je, wananchi hawatachanganyikiwa? Nadhani hawatachanganyikiwa zaidi ya wanavyochanganyikiwa baina ya mpigaji na mpiganaji. Tena, silabi hiyo moja ndiyo yenye maana yote. Ni kiambishi cha kutendana. Waandamanaji huandamana, yaani kila mmoja amekubali kwenda na mwingine. Mwandamaji humwandama mtu asiyekubali. Tarehe 27 Januari 2024, wanawake walipoandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, walikuwa waandamanaji kwa maana kamili ya kutendana huko. Ukikiondoa kiambishi hicho, umeiondoa ridhaa. Sidhani kwamba tungepata njia nyepesi zaidi ya kumfundisha mwanafunzi, au afande, kwamba ridhaa ndiyo mpaka wa kosa hili.

8. Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba 'acosador' ni jina lililotoka katika mbio za wanyama, likapanuka mno katika matumizi ya kila siku, kisha sheria ikaiwekea maana yake mipaka kwa mambo mawili: kurudia, na kuvurugika kwa maisha ya mtendwa. Nimeonyesha pia kwamba vitenzi vya Kiswahili vitumiwavyo zaidi, kufuata na kunyemelea, havibebi mambo hayo mawili, hali kitenzi 'kuandama' huyabeba katika misemo ambayo kila msemaji anaijua. Kazi iliyobaki ni kuyatumia majina yatokanayo nacho, na kuyafikisha kwa watungaji wa kamusi, kwa wakalimani wa mahakama, na kwa walimu wa vyuo vya polisi.

Sidai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Huenda lahaja za pwani zina neno lililo bora, ambalo sisi wa bara hatukulisikia. Wasomaji walio nalo nawaomba walilete katika kurasa hizi. Lakini tusingoje sana. Mwanafunzi akienda kituoni leo na kusema, 'Afande, naandamwa,' hatahitaji kuongeza 'tu', na afande hatakuwa na la kupunguza.